Usizibe tundu usilolijua

GEREJI YA JUMAPILI

HAKUNA mtaa wa Eastlands, Nairobi, usiokuwa na pikapu kuukuu inayolisha watu. Zunguka Jericho siku ya Jumamosi, kutoka Barabara ya Jogoo hadi upande wa Barabara ya Rabai, nawe utaiona: boneti imeinuliwa, vijana wawili watatu wameinama juu ya injini, na mwenye gari amesimama kando akitazama saa. Pengine ni Peugeot 504, pengine ni Toyota Hilux ya zamani. Gari hilo ndilo lililobeba viazi jana, ndilo litakalobeba viti vya harusi kesho, na karo ya muhula ujao imo humo humo.

Magari ya namna hii hayaongezeki. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka minane, kwa hivyo pikapu za kale zilizobaki ndizo hizi tulizo nazo. Aliye nayo hana budi kuitunza, na anayeitengeneza hana budi kuielewa.

Leo, msomaji wangu, nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo lakini limeharibu injini nyingi na kuwatia watu wengi hatarini. Ni yale matundu na vidomo vidogo vilivyotapakaa kwenye kabureta, kwenye manifoldi na kwenye silinda hedi. Kimoja kina mpira mwembamba, kingine kina waya, kingine hakina kitu. Kijana anauliza, "Mzee, huu mpira unaingia wapi?" Mzee ana gari jingine linalomngoja, naye anajibu, "Ziba hapo, kijana, gari litanguruma tu." Kijana anachukua bolti au kipande cha kijiti, anaziba. Kweli gari linanguruma, tena linaondoka. Tatizo limeondoka nalo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye injini ni lazima tuongeze neno: ukiziba usichokijua utajenga ukuta vilevile.

MASWALI MAWILI

Kabla hujagusa tundu lolote, liulize maswali mawili. La kwanza: ndani yako hupita hewa au maji? La pili: tabia yako hubadilika lini, mtu akikanyaga mafuta au injini ikipata moto? Ukipata majibu ya maswali hayo utakuwa umeshaijua sehemu kubwa ya kazi, hata kama kitabu cha gari kilipotea miaka ishirini iliyopita.

Swali la kwanza ni rahisi. Fuata mpira kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mipira ya maji kwa kawaida ni minene, imefungwa kwa klipu imara, na inaelekea kwenye rejeta, kwenye pampu ya maji au kwenye hita iliyo ndani ya gari. Mipira ya hewa mingi ni myembamba na huanzia kwenye kabureta au manifoldi ya kuingiza hewa. Lakini usiape kwa unene peke yake. Mpira wa breki ni mnene na ni wa hewa. Tena ziko kabureta, zikiwemo baadhi ya Solex zilizofungwa kwenye Peugeot, zinazopitishiwa maji ya moto kwenye kitako ili petroli iyeyuke vizuri asubuhi ya baridi. Hapo mpira wa maji na mpira wa hewa hukaa jirani kama nyumba za Jericho, na fundi mwenye haraka huwabadilishia wenyeji vyumba.

Kumbuka pia kwamba injini moja hutengenezewa nchi nyingi. Peugeot 504, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1968 ikiwa na injini ya cc 1796, iliuzwa Ulaya, Afrika na kwingineko. Kwingine injini ileile hufungiwa gia za kujibadili zenyewe au vyombo vya kupunguza moshi. Ndiyo maana unaweza kukuta tundu lililozibwa kiwandani kwa bolti safi yenye washa. Hilo liache. Linalotia shaka ni lile lililozibwa kwa kijiti, gundi au karatasi ya nailoni na kipande cha tyubu.

MVUTO WA AINA MBILI

Sasa tuingie kwenye hewa. Injini ya petroli inapozunguka, pistoni huteremka na kuvuta hewa kupitia kabureta. Ndani ya kabureta mna mlango mdogo unaofunguka mtu akikanyaga mafuta. Ukiwa umefungwa, pistoni huvuta lakini hewa haipiti kwa wingi, na ndani ya manifoldi kunakuwa na upungufu mkubwa wa hewa. Upungufu huo mafundi huuita vakiumu. Sisi tutauita mvuto.

Wanafunzi wa fizikia mtakumbuka kwamba kwa hakika hakuna kinachovuta. Ni hewa ya nje ndiyo inayosukuma kuingia mahali penye upungufu. Shika hilo, tutalihitaji tukifika kwenye breki.

Vidomo vya mvuto ni vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza hutoka chini ya ule mlango, yaani upande wa manifoldi. Hapo mvuto huwa mkali injini ikinguruma taratibu, na hupungua ghafla ukikanyaga mafuta. Kidomo hiki ndicho cha busta ya breki. Mahali pengine ndicho pia cha valvu inayorudisha moshi wa ndani ya injini ukachomwe upya.

Aina ya pili hutoka juu kidogo ya ukingo wa mlango. Injini ikinguruma taratibu, kidomo hiki hakina mvuto, au kinao kidogo sana. Ukigusa mafuta tu, mlango unakipita na mvuto unatokea. Hiki ndicho cha distributa. Kazi yake ni kuiambia distributa iwahishe cheche wakati gari linatembea bila mzigo mkubwa, ili petroli iungue vizuri na isipotee bure.

Kuvitofautisha hakuhitaji chombo cha bei ghali. Acha injini ipate moto na ingurume taratibu. Chomoa mpira mmoja mwembamba, weka kidole kwenye kidomo. Kidole kikinaswa papo hapo, hicho ni cha manifoldi. Kisiponaswa, mwambie mwenzako akanyage mafuta kidogo. Kikianza kunaswa, hicho ni cha distributa. Funga tai ndani ya shati na uweke mikono mbali na feni na mikanda.

Ukivibadilisha je? Distributa ikipewa mvuto wa manifoldi kwenye injini isiyotengenezewa hivyo, cheche huwahi tangu gari likiwa limesimama, na mngurumo hupanda. Fundi asiyejua hupunguza skurubu ya mngurumo, kisha hubadilisha taimingi, kisha huchokoza kabureta. Jioni mwenye gari analipia kazi tatu kwa kosa la mpira mmoja. Kidomo cha manifoldi kikiachwa wazi nacho, hewa isiyopimwa huingia, mchanganyiko wa petroli unakuwa mwepesi, injini inatetemeka na valvu zinaweza kuungua.

Mpira unaovuja unaweza kuusikia. Chukua kipande cha mpira mrefu kama mkono, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe pole pole kwenye viungo vya manifoldi. Mahali panapovuja patapiga mluzi kama nyoka. Njia hii ni salama kuliko kunyunyiza petroli kutafuta uvujaji, mchezo ambao unaweza kuichoma injini na mtu pamoja nayo.

Usiusahau ule mpira mnene unaotoka kwenye kifuniko cha valvu. Huo ni wa kupumulia. Ukiuziba kwa sababu unatoa moshi, shinikizo hukaa ndani ya injini na oili hutafuta njia ya kutokea kwenye sili na gasketi. Kisha utaambiwa injini imechoka, kumbe imezibwa pua.

NAIROBI SI MOMBASA

Wenye bahati ya kuwa na geji ya mvuto wasikilize hapa. Vitabu vingi vya kigeni husema injini nzima ya petroli, ikinguruma taratibu, huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Maneno hayo ni kweli huko yalikoandikwa, karibu na usawa wa bahari. Mombasa utaviamini vitabu hivyo. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, yaani karibu futi 5,500, na kwa kila futi 1,000 unazopanda geji hupoteza takriban inchi moja.

Kwa hivyo injini nzima iliyoegeshwa Jericho itaonyesha kama inchi 12 hadi 16. Kijana aliyesoma kitabu bila kujua jambo hili ataona 14, atatikisa kichwa, na kumwambia mwenye gari kwamba ringi zimekwisha. Injini itapasuliwa bure. Cha kutazama zaidi ni tulizo la mshale. Ukitulia mahali pamoja, ni dalili njema. Ukirukaruka kwa mpigo uleule, shuku valvu au plagi. Ukiwa chini lakini umetulia, tafuta mpira unaovuja au taimingi iliyochelewa.

BREKI IMEFUNGWA KWENYE MPIRA HUO

Sasa turudi kwenye ule msukumo wa hewa. Busta ya breki ni kopo kubwa jeusi lililo nyuma ya pampu ya breki. Ndani yake mna kiwambo. Upande mmoja kuna mvuto wa manifoldi. Ukikanyaga breki, upande wa pili hufunguliwa hewa ya nje, nayo husukuma kiwambo na kukusaidia.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote anaiweza. Kiwambo chenye upana wa sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 314. Mvuto wa inchi 14 za zebaki ni sawa na karibu nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha, utapata kama kilo 150. Huo ni uzito wa zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi, likiusaidia mguu wako. Mombasa, kwa mvuto wa inchi 19, msaada huo hukaribia kilo 200.

Sasa fikiria mtu aliyechomoa mpira wa busta ili aziba kidomo, kwa kuwa injini ilikuwa ikitetemeka. Injini imetulia, mteja amefurahi. Lakini dereva amebaki na mguu wake peke yake, na pikapu imejaa viazi ikiteremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu. Breki zipo, ila zimekuwa ngumu kama jiwe, na gari linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Hapo ndipo unapojua kwamba kijiti cha gereji kinaweza kuua.

Katikati ya mpira wa busta, au mahali unapoingilia kopo, pana valvu ya njia moja. Kazi yake ni kuhifadhi mvuto kidogo ili injini ikizimika njiani ubaki na msaada wa mikanyago michache. Usiitupe, wala usiigeuze.

Jaribio lifuatalo mtu yeyote wa nyumbani anaweza kulifanya kabla ya safari. Zima injini. Kanyaga breki mara nne au tano hadi pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposogea, usitoke mtaani.

UPANDE WA MAJI

Tukiondoka kwenye hewa tunafika kwenye maji, na hapa tunakutana na sensa. Si ile sensa ya kuhesabu watu! Ni kile kidude cha shaba kilichofungwa kwenye injini, ncha yake ikiwa ndani ya maji na waya ukiwa nje. Kitafute kwanza karibu na nyumba ya themostati, mahali mpira wa juu wa rejeta unapotokea. Usipokiona, tazama silinda hedi na njia ya maji iliyo kwenye manifoldi. Ukutani mwa rejeta yenyewe pia huwa na kimoja katika magari fulani.

Vidude hivyo si kimoja, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Cha kwanza ni cha geji ya joto. Mara nyingi kina kichwa cha waya mmoja, na mwili wake wenyewe ndio unaokamilisha njia ya umeme kupitia chuma cha injini. Joto likipanda, ukinzani wake hushuka, umeme hupita kwa wingi, na mshale kwenye dashibodi hupanda. Cha pili ni swichi. Hiki hakipimi, kinajua kuwasha na kuzima tu, joto likifika kiwango fulani. Huwasha feni au taa nyekundu. Cha tatu kiko kwenye injini zenye kompyuta: kina waya mbili, na habari zake huenda kwa kompyuta, si kwa dereva. Ukiiunganisha geji kwenye swichi, mshale utalala siku nzima kisha uruke juu ghafla wakati umeshachelewa.

Pana na ndugu wa nne asiye wa ukoo huu: swichi ya oili. Inafanana sana na sensa ya joto, ina waya mmoja vilevile, ila inakaa kwenye bloku, mara nyingi karibu na filta ya oili. Waya za ndugu hawa wawili zikibadilishwa, dereva anaweza kusoma joto akidhani ni oili.

Ili kuujua waya wa geji, uchomoe kwenye sensa, washa swichi ya gari bila kuiwasha injini, kisha gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja au mbili tu. Kwenye magari mengi ya zamani mshale utapanda kuelekea alama ya joto. Ukipanda, waya na geji ni nzima, na wa kushukiwa ni sensa. Usipopanda, acha kununua sensa. Tafuta fyuzi au waya uliokatika.

Sensa yenyewe ipime jikoni. Itie ncha yake ndani ya sufuria ya maji, uunganishe mita ya umeme, na uyachemshe maji polepole. Namba za ukinzani zinapaswa kushuka bila kuruka. Sensa nyingi za kompyuta kwenye Toyota, kwa mfano, huonyesha omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa nyuzi 20 za selsiasi, na omu 200 hadi 400 yakifika nyuzi 80. Sensa za geji zina namba zake, lakini mwendo ni uleule wa kushuka. Swichi itaonyesha wazi au imefungwa, basi. Sufuria hiyo isirudi kwenye ugali.

Wakati wa kununua, chukua ya zamani uende nayo. Duka za vipuri za Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, zina vidude vinavyofanana kwa macho na kutofautiana kwa uzi. Uzi mwembamba wa Kijapani wa moja ya nane ya inchi una mizunguko 28 kwa inchi. Ule wa Kimarekani wa saizi hiyohiyo una 27. Kimoja huingia kwenye tundu la kingine raundi kadhaa, kisha hukaza. Anayeongeza nguvu ya spana hapo anaharibu uzi wa silinda hedi. Kanuni ni moja: kidude kianze kuingia kwa vidole, bila kulazimishwa. Tena usikizungushie utepe mwingi wa mafundi wa bomba, kwa kuwa unaweza kuzuia umeme usifike kwenye chuma, na geji itakudanganya.

MSHALE UKISHUKA GHAFLA

Watu hutazama geji wakihofia mshale kupanda. Mjue pia kuuogopa mshale unaoshuka ghafla gari likiwa mlimani. Sensa hupima maji yanayoigusa. Maji yakivuja hadi yakawa chini yake, inabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza kurudi kwenye baridi wakati injini inaungua. Silinda hedi ya Peugeot 504 ya petroli ni ya alumini, na alumini ikipata moto kupita kiasi hupinda. Gharama ya kuisawazisha na kubadilisha gasketi inaweza kumeza faida ya mwezi mzima.

Simama, zima, subiri. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, kwa maana Nairobi maji huchemka yakiwa kama nyuzi 95 tu, wala si 100. Kifuniko kizima huyabana maji hadi yaweze kuvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Ukikifungua, yote huchemka kwa mpigo mmoja na kukurukia usoni. Kwa sababu hiyohiyo, kifuniko kilicholegea ni hasara kubwa zaidi hapa kwetu kuliko Pwani.

FENI YA PEUGEOT

Wenye 504 wana jambo lao. Peugeot ilijenga sifa hapa kwetu kwa uvumilivu. 504 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Moja ya mambo yake ya akili ni feni isiyozunguka daima. Ndani ya puli yake mna sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto hupeleka umeme, sumaku hunasa, feni huzunguka. Yakipoa, huachia, na injini haipotezi nguvu wala petroli kuizungusha bure.

Kwa hiyo waya wa feni si pambo. Ukikatwa, au ukiunganishwa na kidude kisicho chake, gari litakwenda vizuri kwenye barabara wazi ambako upepo hupooza rejeta, kisha litachemka kwenye foleni ya Barabara ya Jogoo. Fundi atalaumu rejeta, pampu, hata gasketi. Kabla hujakubali hedi ifunguliwe, uliza swali moja: feni inanasa?

KIDUDE CHENYE SURA MBILI

Kwenye pikapu za Kijapani za petroli za miaka ya 1980 unaweza kukuta kidude kilichofungwa kwenye njia ya maji kama sensa, lakini badala ya waya kina vidomo viwili au zaidi vya mipira ya hewa. Hiyo ni valvu ya mvuto inayoongozwa na joto. Chini inagusa maji, juu inapitisha hewa. Maji yakiwa baridi huzuia au kuruhusu mvuto, yakipata moto hubadilisha. Hapa yale maswali yetu mawili yote yana jibu la "vyote". Ukiijaribu, pulizia kwenye kidomo kimoja injini ikiwa baridi, kisha tena ikiwa imepata moto. Ikibadilika ni nzima. Ukiing'oa na kuweka bolti, mipira yake yote inakuwa yatima.

Na mwenye dizeli je? Injini nyingi za dizeli hazina ule mlango wa kuzuia hewa, kwa hivyo manifoldi yake haina mvuto wa kutegemewa. Mvuto wa breki hutoka kwenye pampu ndogo, ambayo katika pikapu nyingi imefungwa nyuma ya alteneta. Ukinunua alteneta iliyotumika, hakikisha ina pampu hiyo na mpira wake wa oili. Isiyokuwa nayo itachaji betri vizuri na kukuacha bila breki za kutosha.

NENO KWA KIJANA

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wewe unayeanza kazi chini ya mti, unayepewa kupanguza spana na kushika taa, hicho ndicho kiriba chako, usikidharau. Jipatie daftari. Kabla ya kuchomoa mpira wowote, bandika karatasi yenye namba kwenye mpira na namba ileile kwenye kidomo chake. Chora injini, hata kama mchoro ni mbaya, au piga picha kwa simu. Andika: hewa au maji, hubadilika na mafuta au na moto. Baada ya injini kumi utakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi popote.

Maarifa hayo yana cheti pia. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza, na aliyejifunzia kazi gerejini anaweza kuifanya. Anayejua kwa nini anafunga mpira hapa na si pale atajibu maswali mengi bila kukariri.

Na ukiambiwa uzibe, uliza kwa adabu, "Mzee, nikiziba hapa, nini kitakosa hewa?" Fundi mzuri hatakasirika. Atasimama kidogo, atafuata mpira kwa kidole, na pengine ataona kwamba unaelekea kwenye breki.

Juma lijalo tutaitazama themostati, na tutajua kwa nini wengi huitupa na kwa nini hawapaswi. Hadi hapo, fungueni boneti mkiwa na mwanga wa kutosha, injini ikiwa baridi.